Mtoto aliyeandikwa "abandon": namba za lishe tunazoingiza mtandaoni zinatuambia nini? (Bukavu)

Kalamu_Nyekundu (mwanzilishi wa uzi, Bukavu)

Jambo wapendwa. Ninafanya kazi ya lishe katika ofisi ya zoni moja ya afya pembeni ya Bukavu. Kila mwanzo wa mwezi rapore za vituo zinafika mezani kwangu, nyingine kwa pikipiki, nyingine zimekunjwa mara nne mfukoni mwa mtu aliyeteremka mlima kwa miguu. Tunaziingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kabla ya jioni wakubwa wa mkoa na wa Kinshasa wanaweza kuzisoma. Nimeifanya kazi hii miaka sita na ninaipenda. Leo naleta neno moja tu ambalo limeninyima usingizi: "abandon".

Kwa wasioijua kazi hii, nieleze kidogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya milimita 115, au uzito wake uko chini kabisa ukilinganisha na urefu, au miguu yote miwili imevimba, huyo ana utapiamlo mkali. Kama bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa wa kumlaza, anaandikishwa UNTA, yaani anatibiwa akiwa nyumbani: mama anamleta kituoni mara moja kwa juma, anapimwa, anapewa paketi za Plumpy'Nut, chakula-dawa cha karanga, za kumfikisha juma lijalo. Aliyezidiwa anapelekwa UNTI hospitalini, kwenye maziwa ya F-75 na baadaye F-100. Siku anapotoka lazima aandikwe kwenye fungu moja: amepona, amekufa, ameacha (ndiyo hiyo abandon), hakuitikia matibabu, au amehamishiwa kwingine. Kituo kinajumlisha mafungu hayo mwisho wa mwezi, sisi tunayaingiza, na mashine inayapima kwa vipimo vya Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada: waliopona wazidi asilimia 75, waliokufa wasifike 10, walioacha wasifike 15. Kituo kilichovuka mpaka kinageuka chekundu.

Zamani mtoto wa namna hii alilazwa majuma mengi, na mama yake akawaacha wengine nyumbani bila mtu. Plumpy'Nut ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1996, majaribio ya kutibu nyumbani yakafanyika Ethiopia mwaka 2000, na mwaka 2007 OMS (shirika la afya duniani), UNICEF na PAM (shirika la chakula duniani) wakatoa tamko la pamoja la kuunga mkono njia hiyo. Imeokoa watoto wengi mno, hilo halina ubishi. Lakini fikirini: hospitalini muuguzi anamwona mtoto kila asubuhi, sisi tunamwona siku moja kati ya saba. Siku sita zilizobaki hatuna jicho jingine ila daftari.

Basi kuna robo moja ya mwaka kituo kimoja cha mlimani kiligeuka chekundu kwa abandon. Kwenye kikao cha kupitia takwimu kila mtu alikuja na jibu lake tayari: akina mama wanauza paketi sokoni, hawana uvumilivu, hawajaelewa. Azimio likaandikwa kwamba wahamasishwe. Nami nilikubali, na hadi leo inaniuma.

Juma lililofuata nilipanda pale kwa kazi nyingine, nikaomba daftari. Mnalijua lilivyo: mstari mmoja kwa mtoto, visanduku vya majuma vikielekea kulia, na katika kila kisanduku uzito, mkono, uvimbe, paketi alizopewa. Nikaifuata kwa kidole mistari iliyoishia na ABD, yaani abandon, ya wino mwekundu. Mstari wa kwanza: juma la tatu, kilo 6,4, paketi 18. Juma la nne, kilo 6,5, na penye paketi kuna kistari. Juma la tano, kilo 6,4, kistari. La sita tupu. La saba tupu. ABD. Mstari wa pili vilevile. Wa tatu huyo aliacha kweli, hana kistari popote. Wa nne, kistari, kistari, tupu. ABD zilikuwa 11 na 8 kati yake zilitanguliwa na kistari.

Kistari maana yake mama alikuja. Aliamka, akatembea, akapanga foleni, mtoto akavuliwa nguo akapimwa, halafu akaambiwa plampi (Plumpy'Nut) imekwisha, rudi juma lijalo. Akarudi. Kistari tena. Safari ya tatu hakuja, na sisi tukaandika kwamba AMEACHA.

Kwenye rapore ya mwezi kistari hakipo. Kilichoandikwa ni katoni zilizobaki tarehe 30, na mzigo ulikuwa umefika tarehe 27, kwa hiyo skrini ilionyesha kituo kina akiba ya kutosha. Hakuna aliyedanganya popote. Ila ukizisoma namba hizo mbili pamoja, kosa lote linamwangukia mama.

Naomba kujua kwenu mnafanyaje. Mnafuatiliaje programu hizi mtandaoni bila kumpoteza mtoto ndani ya jumla?

Relé_wa_Mlimani (Kabare)

Kaka, asante kwa kuandika hili, maana sisi marelé, wahudumu wa afya wa kijijini, ndio tunaotukanwa njiani. Tukifika kwa mtu kumwambia arudi kituoni anatuuliza, "Nirudi kuchukua nini?"

Nina miaka tisa nikipima mikono ya watoto kwa ule ukanda wa rangi tatu, nyekundu, njano, kijani. Kazi yangu ya pili ni kuwatafuta waliokosa miadi. Tatizo ni kwamba orodha ya waliokosa hainifikii. Titulere, muuguzi mkuu wa kituo, anaijaza rapore, rapore inakwenda zoni, zoni inaingiza mtandaoni, mkoa unaona asilimia 22, na mimi ninayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mtoto sijaambiwa jina lake. Habari inazunguka mpaka Kinshasa na kunipita mimi mlangoni.

Kuna jambo lingine ambalo lazima niliseme hapa. Mwaka mmoja nilipewa orodha ya majina manne, ya miezi miwili nyuma. Wa kwanza mama yake alikuwa amehamia Kalehe. Wa pili alikuwa anacheza nje, amenona, bibi yake anampikia uji wa soya na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Wa tatu nilimkuta mgonjwa, nikambeba hadi kituoni. Wa nne baba yake hakusema neno, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya migomba, akanionyesha udongo ambao bado ulikuwa mbichi.

Wote wanne kwenye kompyuta ni "abandon". Mpaka leo ni abandon.

Kasapa_Takwimu (Lubumbashi)

Relé, pole sana kwa hayo. Nimesoma nikakaa kimya kwanza.

Niseme upande wangu, maana ninashughulika na DHIS2 kila siku. Ni programu ya chanzo huria inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wizara za afya za nchi nyingi zinaitumia, yetu ikiwemo. Inafanya yale iliyoambiwa. Tukiiambia ihesabu waliotoka kwa mafungu matano itahesabu mafungu matano. Haina namna ya kujua kistari cha mwanzilishi wa uzi mpaka mtu aitengenezee mahali pa kukaa.

Lakini hata kwa rapore mliyo nayo sasa, bila kubadilisha karatasi, kuna hesabu moja ambayo ingewaonyesha tatizo lile mapema. Paketi moja ni gramu 92, kalori 500. Katoni ina paketi 150, na kwa makadirio katoni moja inamtibu mtoto mmoja tangu kuingia hadi kupona. Chukua kituo chenye watoto 40 kwa mwezi. Mtoto wa kilo sita na kitu anahitaji kama paketi 18 kwa juma. Mara majuma manne, mara watoto 40, ni paketi 2.880, karibu katoni 19. Sasa tazama kwenye rapore ni katoni ngapi zilitumika mwezi ule. Ukikuta 8, basi zaidi ya nusu ya safari za akina mama ziliishia mikono mitupu, hata kama tarehe 30 stoo imejaa. Usiangalie kilichobaki, angalia kilichotoka ukilinganishe na watoto. Hesabu hiyo inaweza kuwekwa ndani ya DHIS2 kama kiashiria, ikajipiga yenyewe kila mwezi kwa kila kituo.

Hakikisheni pia kwamba watoto wa mwanzo wa mwezi ni sawa na wale wa mwisho wa mwezi uliotangulia. Inaonekana jambo la kitoto, lakini mara nyingi nimekuta Machi imefungwa na watoto 31 na Aprili ikafunguliwa na 24. Hao saba wako wapi? Hawakupona, hawakufa, hawakuacha. Walidondoka kati ya karatasi mbili. Mashine inaweza kuwekewa kanuni ya kulikataa hilo, na mwingizaji akalazimika kupiga simu kabla ya kuendelea.

Na tafadhali, msiite kituo chekundu kwa namba ndogo. Kituo kilichotoa watoto 6 mwezi mzima, akiacha mmoja tu, tayari ni asilimia 16,7, kimevuka mpaka. Unganisheni miezi mitatu ndipo mseme.

Titulere_Kimya (Kivu Kusini)

Mimi ni titulere, kwa hiyo nisemeni au mniache, ila nitasema ukweli.

Siku ya UNTA kwangu ni Jumatano. Niko na muuguzi mmoja msaidizi. Jumatano hiyohiyo kuna wajawazito, kuna malaria, na mtoto hachagui siku ya kuzaliwa. Akina mama wa lishe ni 30, mara nyingine 45. Kila mtoto napaswa kumpima uzito, mkono, uvimbe, kumjaribu hamu ya kula, kumweleza mama, kuandika daftari, kuandika karata, yaani kadi anayokaa nayo mama. Usiku nabaki na taa ya simu nikijumlisha rapore, na siyo moja: chanjo yake, malaria yake, dawa zake, na wafadhili nao wana karatasi yao inayouliza mambo yaleyale kwa mpangilio mwingine.

Halafu nikifika kikaoni naonyeshwa rangi nyekundu mbele ya watu. Hakuna anayeniuliza, "Titulere, kulitokea nini?" Naulizwa, "Kwa nini kituo chako kinaharibu namba za zoni?"

Mnajua matokeo yake? Waliohamishwa hawaingii kwenye hesabu ya asilimia. Wenzangu wengine wameshaligundua hilo. Mtoto aliyepotea wanamwandika "amehamishwa", abandon inashuka, kituo kinarudi kijani na kusifiwa. Mimi sijafanya hivyo, lakini siwezi kuwahukumu, maana ni sisi wote tuliowafundisha kuogopa namba ya kweli. Kasapa, hicho ndicho kitu ambacho kanuni zako za mashine haziwezi kukikamata.

Kasapa_Takwimu

Mkubwa, hilo linakamatika kwa kiasi: kila aliyeandikwa "amehamishwa" kutoka kituo kimoja lazima aonekane ameingia kwa uhamisho mahali pengine ndani ya zoni au zoni jirani. Waliotoka 20, walioingia 3, kuna swali. Ila hoja yako ni kubwa kuliko jibu langu na ninaipokea.

Mama_wa_Sambaza (Kadutu)

Jambo. Mimi siko muganga, niko mama wa watoto wane. Mtoto wangu mkubwa ndiye alinionyesha huu uzi kwenye simu, akanisomea, na nimemwambia aandike vile nasema.

Hiyo abandon munasema, ni mimi.

Katoto kangu ka tatu kalipata bwaki. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinabakia shimo, nywele zikakuwa nyekundu, kakakuwa kanalia tu, hakataki kucheza. Tulienda kituoni, wakatupokea vizuri, siwezi kusema vibaya. Posho mbili za kwanza, ni kusema juma mbili, walitupatia plampi. Kakaanza kucheka. Posho ya tatu wakasema haiko. Ya ine, haiko. Ya tano nilienda na mvua, karata ikalowana yote, wakasema haiko, labda posho ijayo.

Mimi nauza sambaza. Nikienda kituoni ile siku siuzi, na samaki hazingoje. Siku nisipouza watoto wote wane hawakule, siyo ule mugonjwa peke yake. Niliwaza hivi: nipoteze chakula ya wane juu ya dawa yenye haiko? Sikuacha mutoto wangu. Nilikaa naye nyumbani, namukorogea uji ya soya kila asubuhi, namupatia sambaza za kusaga. Iko hai, lakini miguu ingali inavimba asubuhi.

Naulizaka tu: kwenye hiyo kompyuta yenu, kuko fasi wanaandika kama mama alikuja?

Kalamu_Nyekundu

Mama, pole sana, na asante kwa kutuambia. Jibu la swali lako ni hapana, hakuna. Nimekuandikia ujumbe wa faragha. Mtoto mwenye bwaki ambaye bado anavimba lazima aonwe juma hili, na nitashughulika nalo mwenyewe.

Mzee_Katana

Wanangu, mimi nimestaafu lakini nimewapima watoto wa Kivu tangu enzi za mizani ya kuning'iniza. Mama amesema bwaki, nami nashukuru ameliita kwa jina lake. Hapa kwetu watoto wengi wenye utapiamlo mkali wanavimba, siyo kukonda tu, na mfumo wowote wa namba lazima ulijue hilo.

Kwa nini nasema hivyo? Mtoto wa bwaki akianza kupona uzito wake unashuka kwanza. Ni maji yanatoka. Anaingia na kilo 8,1, juma la pili 7,6, la tatu 7,3, na huku anacheka na miguu inaonyesha mifupa yake. Mashine iliyofundishwa kwamba uzito kushuka ni hatari inampigia kelele kama mtoto asiyeitikia matibabu. Nimeona mtoto akirudishwa hospitalini kwa sababu hiyo, na kumbe ndiyo kwanza anapona. Basi mnapoingiza uzito mtandaoni ingizeni pia uvimbe wa kila juma na kiwango chake, msalaba mmoja, miwili, mitatu, na hesabu ya kunenepa ianze siku uvimbe ulipokwisha, siyo siku ya kuingia.

Na msidharau daftari la karatasi. Pale Lwiro, hospitali ya watoto ilihifadhi mafaili ya watoto waliotibiwa utapiamlo kati ya 1988 na 2007. Miaka mingi baadaye watafiti wa hapahapa Bukavu waliyafungua, wakazunguka vijijini wakiwatafuta watoto wale, ambao sasa ni watu wazima wenye familia. Wakawapima, wakawauliza shule walifika wapi, wakawalinganisha na watu wa rika lao kutoka jamii zilezile. Wakaona kwamba utapiamlo ule uliacha alama hadi utu uzima, katika kimo na katika masomo. Hayo yaliwezekana kwa sababu kila mtoto alikuwa na faili lenye jina lake, la wazazi wake, na kijiji. Ukiniambia "mwezi wa Juni waliacha watoto 14", baada ya miaka 20 nitamtafuta nani?

Nyuma_ya_Volkano (Goma)

Mzee, heshima yako.

Mimi naongeza la Goma. Mwanzo wa mwaka 2025 watu waliokuwa kambini, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, waliondoka katika siku chache, kuelekea Masisi, Rutshuru, na kila upande. Ndani yao kulikuwa na watoto waliokuwa katikati ya matibabu. Leo wako kwenye orodha, kesho hema halipo. Tuliwaandika nini? Fungu lililopo ni abandon, kwa hiyo abandon. Ukifungua grafu ya miezi ile unaona mstari unapanda kama ukuta, na mtu aliye mbali akiusoma bila kujua anaweza kudhani akina mama wote wa Goma walichoka siku moja.

Kilichosaidia ni karata aliyonayo mama. Mtoto akifika kituo kipya na karata, hata iliyochanika, muuguzi anaendelea naye pale alipofikia, na tukipata namba yake ya zamani tunaweza kuunganisha mistari miwili. Bila karata anaandikwa mpya, na mtoto mmoja anakuwa wawili: mmoja ameacha, mwingine ameingia. Majina nayo yanatusumbua sana. Kituo cha kwanza kimeandika jina la ubatizo, cha pili jina la nyumbani, na mlezi siyo mama bali shangazi. Tarehe ya kuzaliwa tunaitafuta kwa matukio: alizaliwa kabla au baada ya Nyiragongo kulipuka, 22 Mei 2021? Alikuwa anatambaa au anatembea?

Jambo la mwisho kwangu, mtandaoni siyo mahali pa milele. Mwisho wa Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tovuti ya FEWS NET ya tahadhari ya njaa ilizimika, na ilikaa miezi imezimwa. Miaka mingi ya ramani na taarifa, watu wakabonyeza wakakuta hakuna kitu. Kama namba zenu ziko kwenye seva ya mfadhili peke yake, jiulizeni mkataba unaisha lini. Zoni ibaki na nakala yake, kwenye diski, ndani ya kabati lenye kufuli.

Relé_wa_Mlimani

Na ambao hawakuja hata mara moja je? Hatuzungumzii wale ambao hawajawahi kukanyaga kituoni. Kijiji cha juu kabisa kwangu hakuna hata mtoto mmoja aliyeandikishwa, na siyo kwamba hakuna wagonjwa. Mto ukijaa hawavuki.

Kasapa_Takwimu

Hapo relé amegusa udhaifu mkubwa kuliko yote tuliyosema. DHIS2 inamwona aliyeingia. Kituo kinaweza kuponya asilimia 92 ya waliokuja huku wengi wa wagonjwa wako nyumbani, na ukurasa ukawa kijani kabisa. Ndiyo maana Sphere wana kipimo kingine cha ufikiaji: zaidi ya asilimia 50 ya wagonjwa vijijini, 70 mjini, 90 kambini. Namba hiyo haipatikani kwa rapore. Lazima watu waende nyumba kwa nyumba, watafute watoto wenye utapiamlo, wahesabu wangapi wako kwenye matibabu na wawaulize wengine kilichowazuia. Ila rapore inaweza kukuonyesha pa kuanzia: andikeni kijiji cha kila mtoto anayeingia, mkiweke kwenye ramani. Kijiji kisicho na nukta hata moja mwaka mzima ndicho cha kwenda kwanza.

Titulere_Kimya

Kijiji chake kiko kwenye daftari tayari, safu ya nne. Tunakiandika kila siku. Hakuna aliyewahi kutuomba.

Kalamu_Nyekundu (baada ya majuma matano)

Narudi, na samahani kwa kuchelewa.

Tumefanya machache. Karatasi ya kitaifa hatuwezi kuibadilisha sisi, lakini daftari ni letu. Kwenye vituo vinne vilivyokubali, kistari kimeondolewa. Mama akija na plampi haipo, muuguzi anaandika R kwa wino mwekundu, R ya riptire, yaani akiba kukatika, na mwisho wa mwezi R zinahesabiwa na kuandikwa chini ya rapore, kwenye nafasi ya maoni, ambayo DHIS2 inaipokea. Mtoto mwenye R katika miadi yake miwili ya mwisho haandikwi ABD mpaka relé afike kwake. Orodha ya waliokosa inatoka Jumatano hiyohiyo jioni, majina matupu kwenye karatasi, relé anapewa mkononi. Anaporudi anaandika mojawapo: yuko na anaumwa, yuko na amepona, amehama, amekufa.

Hesabu ya katoni ya Kasapa tuliipiga kurudi nyuma miezi kumi na miwili kwa zoni nzima, kwa karatasi na kalkuleta kwanza, maana umeme ulikuwa hakuna. Siku nilipoipeleka kikaoni niliweka pembeni yake kurasa za daftari nilizopiga picha. Wa kwanza kuzishika alizisogeza karibu na dirisha, akafuata mstari kwa kidole kama nilivyofanya mimi. Kikao hicho neno "wahamasishwe" halikuandikwa. Iliyoandikwa ni tarehe ya kupeleka mzigo, kabla ya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jina la mwenye gari. Njia zikifunguka itatimizwa, na siwezi kuahidi njia.

Wale wanane wenye vistari tumewatafuta. Watano wamerudi kwenye matibabu. Mmoja amepona kwao. Mmoja familia imehamia Kalehe na tumepiga simu kule. Mmoja amefariki. Nimemsahihisha kwenye mfumo, mwezi wake ulikuwa bado haujafungwa. Vifo vya kituo kile vimeongezeka kwa mmoja, na nimemwandikia titulere wake barua ya kumshukuru.

Mama_wa_Sambaza

Kaka, ulinipigia simu ile siku, tulienda, wakamupokea tena, aksanti. Sasa nauliza juu ya Jumatano hii. Plampi iko? Juu nikienda ninaacha samaki.

Kalamu_Nyekundu

Iko, mama. Nimempigia titulere wako asubuhi hii, katoni tisa zimefika jana, amezihesabu mbele yangu kwenye simu. Uje mapema kabla ya saa mbili wakupime wa kwanza, uwahi soko. Na karata uje nayo hivyohivyo ilivyolowana.